Gesi bado iko chini, ardhi msiiuze: barua kwa vijana wa Pate

Wanangu wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, pamoja na nyinyi mlioko Amu (Lamu mjini) na Mokowe,

Assalaam alaykum warahmatullah.

Nasikia madalali wameanza tena kupita vijijini wakisema gesi ya Pate i njiani, na kwamba mwenye akili auze shamba sasa. Wengine wenu mmeshapokea arbuni. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Sisemi gesi haina thamani. Nataka mjue thamani yake inaamuliwa wapi, kisha ndipo muamue.

Gesi mnayoipakia mashuani Mokowe, mitungi ya kilo 6 na kilo 13, si hiyo wanayoizungumza. Ile ya kupikia hushushwa na meli Mombasa kutoka nje. Gesi asilia ni nyepesi mno, na ili ivuke bahari hupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri igeuke majimaji, ujazo wake upungue kama mara 600. Mtambo wa kufanya hivyo hugharimu mabilioni ya dola, na wenye fedha hawaanzi kuujenga mpaka wawe na wanunuzi waliotia saini kwa miaka mingi. Basi kisima kikionyesha gesi, safari ndiyo kwanza inaanza.

Kisima cha Pate-1 kilichimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla wengi wa wazazi wenu hawajaoana. Mwaka 2012 kisima cha Mbawa, huko baharini, nacho kilipata gesi. Haikufikia kiasi cha kuuzika, kikafungwa. Jirani zetu wa Songo Songo, Tanzania, gesi yao iligunduliwa mwaka 1974 ikaja kuzalisha umeme wa Dar es Salaam mwaka 2004. Miaka 30, na mnunuzi alikuwa hapo hapo nchini!

Sasa tazameni soko lenyewe. Dunia hununua takriban tani milioni 400 za gesi ya majimaji kwa mwaka. Marekani, iliyopakia shehena ya kwanza kutoka Sabine Pass, Louisiana, mwezi Februari 2016, kufikia mwaka 2023 ilikuwa imewapita Qatar na Australia na kuwa muuzaji mkubwa kuliko wote. Mwaka 2020, wakati wa korona, bei Asia ilianguka ikafika kama dola 2 kwa kipimo kimoja cha kuuzia, na wanunuzi wakafuta shehena walizokwisha kuagiza. Mwaka 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, gesi ya mabomba kwenda Ulaya ikapungua, na kipimo kile kile kikapita dola 60. Ulaya ilikuwa na fedha, ikavuta meli zote upande wake. Pakistan ilitangaza zabuni ikakosa hata muuzaji mmoja, na Bangladesh ikaacha kununua sokoni, watu wao wakakaa gizani kwa saa nyingi. Mwaka 2024 Qatar ikatangaza itapanua uzalishaji kutoka tani milioni 77 kwa mwaka hadi milioni 142 kabla ya mwaka 2030 kwisha. Gesi nyingi namna hiyo ikiingia sokoni, kisima kidogo cha ghali kitamshawishi nani? Dalali anayewaahidi bei hana habari ya haya, au anayo na hawaambii.

Linaloniuma zaidi ni la ndugu zetu wa Cabo Delgado, Msumbiji. Wale ni watu wa pwani kama sisi, na Kiswahili kinasemwa Palma. Gesi kubwa iligunduliwa katika bahari yao mwaka 2010. Machi 2021 Palma ikavamiwa na wapiganaji, watu wakauawa, maelfu wakakimbia, na mradi wa nchi kavu ukasimama. Lakini Novemba 2022 shehena ya kwanza ilitoka, kwa sababu mtambo wa Coral Sul unaelea baharini: gesi inavutwa, inapozwa na kupakiwa huko huko bila kugusa ufuo. Mwenye shamba pwani alipata nini katika hiyo?

Nasi Amu tunayajua haya ya kuuza nje. Boriti za mikoko yetu ziliezeka nyumba za Arabuni kwa karne nyingi, majahazi yakija na kaskazi na kurudi na kusi. Wao walipopata mafuta wakajenga kwa chuma na saruji, na mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza boriti nje. Waliokuwa na mashamba waliendelea kula.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inaipa kaunti asilimia 20 ya fungu la serikali katika mapato ya mafuta na gesi, na wenyeji wa eneo asilimia 5 kupitia mfuko wa amana. Fungu hilo ni la jamii iliyopo, halimfuati aliyeuza akahamia Mombasa. Na linataka watu waliojipanga. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ujenzi wa bandari ya Lamu uliwaharibia uvuvi, na kilichowafikisha hapo ni kusimama pamoja na kuwa na ushahidi. Kwa hiyo kaeni vikao, andikeni majina ya wavuvi na wapi mnavua, na ardhi ya jamii isiyosajiliwa isajilini chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Kampuni ikija, ulizeni jambo moja mbele ya mengine: gesi hii itawasha taa ya Faza, au itapita tu?

Aliyekwisha kupokea arbuni asione haya. Shamba haliuziki kisheria bila ridhaa ya bodi ya ardhi, na ardhi ya ndoa inataka ridhaa ya mwenzi. Asitie saini nyingine yoyote. Achukue karatasi zote alizopewa, aende kwa wakili pamoja na mkewe au mumewe. Na asiye na nauli ya kwenda, anijie nyumbani baada ya Alasiri, tutazungumza.

Wassalaam,
Babu yenu, Langoni, Amu