Barua ya Malalamiko: Splinti ya Kulalia Isiyonyoosha Mkono

Morogoro,
9 Juni 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SPLINTI YA MKONO NILIYONUNUA DUKANI KWENU TAREHE 17 MEI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Tarehe hiyo nilinunua kwenu splinti, yaani kifaa cha kuvaa mkononi ili kifundo kisikunjike, ya mkono wa kulia kwa shilingi 48,000. Boksi limeandikwa kuwa ni ya kuvaa usiku na kuwa inakiweka kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka. Si kweli, na nimeuguza mkono siku kumi na moja kwa kuyaamini maandishi hayo.

Tangu Februari nilikuwa nikiamka saa nane usiku, kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, vinawaka kama vimewekwa kwenye makaa. Nakaa kitandani naukung'uta mkono mpaka ganzi ipungue, nalala, baada ya saa moja naamka tena. Mchana pini ikidondoka nailenga kwa macho, vidole haviihisi. Kwa fundi hiyo ni njaa inabisha hodi.

Hospitali nilionwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Aliuliza kwanza kama kidole cha mwisho nacho kinakufa ganzi. Nikasema hapana. Akanieleza kwamba kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba kama handaki, zinapita humo kano tisa, zile kamba zinazovuta vidole, na mshipa mmoja wa fahamu unaohudumia gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Cha mwisho kinahudumiwa na mshipa mwingine, ndiyo maana kilibaki salama. Mkono ukikunjwa, iwe kuelekea kiganjani au kurudi nyuma, handaki linabana. Usingizini hatujui tunaulazaje mkono, wengi tunaukunja chini ya shavu. Akaniagiza nivae splinti kila usiku kwa wiki sita, na neno alilolirudia ni moja: inyooke.

Nililifikisha neno hilo kwa muuzaji wenu kama nilivyopewa. Hakunipima mkono. Aliuangalia tu, akasema, "Dada, wewe chukua saizi ya kati." Kutandaza futi ya kitambaa kuuzunguka mkono wa mtu ni kazi ya nusu dakika, nami naifanya mara ishirini kwa siku.

Usiku wa kwanza niliamka saa nane ileile. Wa pili hivyohivyo. Siku ya tatu nilipiga simu kwenye namba iliyo kwenye boksi, kijana akanijibu kwamba sijaikaza vya kutosha. Nikaikaza. Alfajiri nikaamka vidole vimevimba na kidole cha mwisho, ambacho hakijawahi kunisumbua, nacho kimekufa ganzi. Mtaalamu aliposikia alishika kichwa: mkanda ukikazwa pale kifundoni unaukandamiza mshipa uleule tunaotaka upumue, na ule wa kidole cha mwisho pia. Ushauri huo nilipewa na mtu anayelipwa na kampuni yenu, na ningeufuata wiki nzima kama nisingekuwa na mahali pa kuuliza.

Basi niliilaza splinti kwenye meza yangu ya kukatia, ambayo ni mbao iliyonyooka kuliko kitu chochote nyumbani kwangu. Sehemu ya kukaa chini ya mkono ililala vizuri. Sehemu ya kiganja ilisimama juu, na vidole vyangu viwili vikapita chini yake bila kugusa. Chuma cha ndani kimepindwa. Anayeivaa analala usiku kucha na kiganja kimerudi nyuma, kama mtu anayesukuma mlango. Na chuma chenyewe kimeshonewa ndani, hakina mfuko wa kukichomoa ili kinyooshwe. Ningeweza kuufumua mshono huo kwa dakika mbili, ndiyo kazi yangu, ila nimeiacha kama ilivyo ili muione wenyewe.

Mengine nayasema kama fundi. Mshono wa ndani haukufunikwa, unakaa juu ya shina la gumba na umenichubua. Ukingo wa mbele unapita mstari wa kiganja, hivyo siwezi kukunja ngumi. Sponji ni nene mno kwa joto letu, nilitoka harara. Velkro, ule utepe wa kunatisha mkanda, imezidi upana wa mkanda, ile sehemu ya kulabu ikabaki wazi, ikanasa chandarua na kukichana. Kitu cha kulalia kwenye mji wenye mbu kingefikiriwa na mtu anayelala ndani ya chandarua.

Tarehe 29 Mei niliirudisha. Nikaambiwa kifaa kilichokwisha kuvaliwa hakirudishwi. Sasa splinti ya kulalia nitaijaribuje bila kulala nayo?

Pengine ningenyamaza. Lakini nikiwa nimesimama pale kaunta, mama mjamzito, mimba kubwa, alikuwa akionyeshwa boksi kama langu. Vidole vyake vilikuwa vimejaa. Wajawazito wengi hupata tatizo hili kwa sababu ya maji kujaa mwilini. Muuzaji akamwambia, "Hii inatosha mkono wowote." Hakupimwa na yeye. Alilipa akaondoka, nami sikusema neno, jambo ambalo linanisumbua mpaka leo.

Wiki iliyopita hospitali waliniazima splinti nyepesi, imenyooka, inaishia chini ya mstari wa kiganja, gumba liko huru, mikanda inaacha kidole kimoja kupita chini yake. Usiku wa kwanza nililala mpaka adhana ya alfajiri.

Naomba nirudishiwe shilingi 48,000. Naomba maneno "kimenyooka" na "ya usiku" yaondolewe kwenye boksi hilo, au chuma kiwekwe kilichonyooka na mfuko wa kukichomolea. Naomba wauzaji wenu wapewe futi na waitumie. Na kijana wa simu aambiwe asimwambie tena mgonjwa akaze.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku kumi na nne. Yasipokuja nitapeleka nakala ya barua hii Tume ya Ushindani na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, pamoja na splinti yenyewe. Nimeambatanisha nakala ya risiti na picha mbili nilizopiga pale mezani, moja ikionyesha vidole vyangu vikipita chini ya kiganja cha splinti.

Wenu mteja,

Fundi cherehani,
Morogoro.