Mwongofu asitakiwe kulitukana Kanisa lililomlea

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na Wakatoliki wenzangu wa Unguja na Pemba. Baadhi yetu, tunapompokea mtu aliyetoka katika dhehebu jingine, humtaka atoe ushuhuda, na ushuhuda huo husifiwa kadiri anavyozidi kuyaponda malezi yake ya zamani. Mimi nililelewa Kianglikana, Mkunazini. Leo ninasali Minara Miwili, kanisa kuu la Kikatoliki la Mji Mkongwe, na sina shaka kwamba hapa ndipo Mungu alipotaka nifike. Siwezi, hata hivyo, kukubali kwamba kuwashukuru walionilea ni dalili ya uongofu nusunusu.

Kanisa lenyewe halitudai hivyo. Ibada ya kumpokea Mkristo aliyekwisha kubatizwa humtaka aikiri Kanuni ya Imani na kutamka kwamba anayasadiki yote ambayo Kanisa Katoliki linasadiki na kufundisha kuwa yamefunuliwa na Mungu, kisha hupewa Kipaimara na Ekaristi. Haimtaki alaani alikotoka, wala habatizwi tena ikiwa ubatizo wake wa kwanza ni halali. Ubatizo wangu, basi, ni ule ule niliopewa Mkunazini, katika kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1873 pale palipokuwa soko la watumwa, mwaka ambao soko hilo lilifungwa. Nawezaje kulidharau Kanisa lililonipa neema ambayo Wakatoliki wameipokea bila kuirudia?

Huko ndiko nilikojifunza Zaburi. Wazee wetu walisali asubuhi na jioni kwa Kiswahili cha hapa hapa, ambacho Askofu wa Kianglikana Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882, alikishughulikia kwa bidii kubwa katika kutafsiri Maandiko, na mtoto aliyekaa karibu nao alizishika zaburi kabla hajajua kusoma. Nilipokutana na Masifu ya Asubuhi na ya Jioni katika Kanisa Katoliki, sala ambazo zaburi ndizo kiini chake, sikuwa mgeni. Huko pia niliwasikia wazee wakimtaja Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908 hadi alipofariki mwaka 1924, ambaye mwaka 1920 aliandika kupinga kazi za kulazimishwa Waafrika chini ya utawala wa Waingereza, na mwaka 1923 akawaambia Waanglikana wenzake mjini London kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu katika tabernakulo, yaani mahali Ekaristi inapohifadhiwa kanisani, ikiwa hawamhurumii katika vibanda vya maskini. Kila ninapopiga magoti mbele ya Sakramenti Takatifu, fundisho hilo huniuliza nimemtendea nini jirani yangu, na sioni kwa nini liwe na thamani ndogo eti kwa sababu nililipata kwa Waanglikana.

Mtakatifu John Henry Newman, Mwingereza aliyekuwa padri wa Kianglikana, aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1845. Alipoyaandika maisha yake mwaka 1864, miaka 19 baadaye, alimtaja Thomas Scott, padri wa Kianglikana wa mrengo wa kiinjili, kuwa mtu ambaye, kwa upande wa kibinadamu, karibu anadaiwa naye roho yake. Kanisa halikuona kosa katika shukrani hiyo. Lilimtangaza mtakatifu mwaka 2019. Naye Papa Benedikto wa 16, alipowafungulia njia makundi ya Waanglikana mwaka 2009, aliwaruhusu wabaki na mapokeo yao ya kiroho na ya kiliturujia kama zawadi ya thamani na hazina ya kushirikishana. Wahenga wetu walikwisha kutuonya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Nao waliotoka katika nyumba za Kiislamu, ambao visiwani petu wana wazazi na ndugu wa kuwaheshimu kila siku, wakumbuke, nasi tukumbuke, kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 uliwataja Waislamu kwa heshima, pamoja na sala, sadaka na saumu zao.

Ombi langu ni kwa makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Mwongofu akialikwa kuzungumza, aulizwe pia ni nini alichokipata kwa waliomlea, na aruhusiwe kukitaja bila kutazamwa kwa mashaka. Na katika Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo, tarehe 18 hadi 25 Januari, asizuiwe wala kuonewa haya akienda kusali pamoja na wazazi wake katika kanisa alikobatizwa.

Msomaji wako,
Mkatoliki wa Mji Mkongwe,
Unguja.