Risala ya Klabu ya Bunilizi za Kisayansi na za Kinjozi kwa Mgeni Rasmi, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu walezi, wazazi na walezi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima wa kukutana leo katika siku ya klabu yetu, ambayo mwaka huu tumeitoa kwa heshima ya wanawake walioacha alama katika hadithi na filamu za bunilizi za kisayansi na za kinjozi. Tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako na kuja kuketi nasi. Umefika saa tatu kamili kama ratiba ilivyoandikwa, na sisi tuliowahi kumsubiri mgeni mpaka saa nane mchana tumeliona jambo hilo na tumelithamini kwa dhati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya klabu hii ni fupi. Ilianza mwaka 2019 chini ya mwembe ulio nyuma ya jiko la shule, ikiwa na wasichana tisa na kitabu kimoja kilichoazimwa maktaba ya mkoa. Leo ina wanachama 64 kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne, wakiwamo wanaovuka mji mzima kila Jumamosi kutoka Pongwe na Mwahako ili wasikose kikao.

Kwa upande wa mafanikio, klabu imepiga hatua kubwa. Tumeandika hadithi 41 na kutunga maigizo manne ya kusikilizwa. Moja kati ya hayo linamhusu binti wa mvuvi anayezungumza na silikanti, yule samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka tangu zama za dinosaria mpaka Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho huko Afrika Kusini, alipomtambua mwaka 1938, na ambaye leo ana hifadhi yake ya bahari hapa kwetu Tanga. Igizo hilo la dakika 11 lilisikilizwa na wazazi wote katika mahafali ya mwaka jana, na kwa tathmini ya kamati yetu ni tukio la kihistoria kwa mkoa huu. Hadithi nyingine, inayofanya Mapango ya Amboni kuwa mlango wa kuingilia sayari ya pili, imeshasomwa mbele ya mabweni yote mawili.

Mheshimiwa, wapo wanaotuuliza wasichana wa Tanga wana nini na vyombo vya angani. Tunawajibu kwamba mwana wa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alikwisha kutupeleka katika nchi iliyo angani aliyoiita Kusadikika. Tunawaambia pia kwamba lugha yetu imo katika bunilizi hizi tangu zamani. Mwaka 1966, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miaka mitano ya uhuru wake, watazamaji wa televisheni nchini Marekani walimwona Nichelle Nichols, mwanamke mweusi, akiwa afisa wa mawasiliano katika chombo cha angani cha mfululizo wa Star Trek, na jina la afisa huyo, Uhura, lilitokana na neno letu uhuru. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitaka kuacha kazi hiyo baada ya msimu wa kwanza, na aliyemshawishi abaki ni Dakta Martin Luther King. Kuanzia mwaka 1977 alilisaidia shirika la anga la NASA kuwatafuta wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Mae Jemison, Mmarekani mweusi wa kwanza wa kike kufika angani, aliyeruka mwaka 1992, amesema kwamba tangu utotoni alivutiwa na Uhura. Sisi tunaona hapo kwamba neno lililotoka vinywani mwa bibi zetu lilimsindikiza mtu mpaka angani, na hatuoni haya kulisema kwa sauti.

Picha ulizopita ukizitazama pale mlangoni ni za wanawake wa namna hiyo. Yupo Mary Shelley wa Uingereza, aliyeanza kuandika Frankenstein, riwaya ya mwanasayansi anayeumba kiumbe hai, akiwa na umri wa miaka 18, umri wa dada zetu wa kidato cha nne, na kitabu kikatoka mwaka 1818 bila jina lake. Yupo Nnedi Okorafor, mwandishi wa Marekani mwenye asili ya Nigeria, ambaye riwaya yake fupi ya mwaka 2015 inaitwa Binti, nayo inamhusu msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, anayeondoka nyumbani kwenda kusoma katika chuo kilicho sayari nyingine. Ilishinda Hugo na Nebula, tuzo kubwa za bunilizi za namna hii, na ndiyo inayogombaniwa kuliko vitabu vyetu vyote. Yupo Ruth Carter, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2019 kwa mavazi ya filamu ya Black Panther. Na yupo jirani yetu Wanuri Kahiu wa Kenya, ambaye mwaka 2009 alitengeneza filamu fupi aliyoipa jina la Kiswahili, Pumzi, kuhusu Afrika Mashariki ya baadaye iliyokaushwa na vita vya maji na mwanamke aitwaye Asha anayetoka nje kwenda kupanda mche.

Tunaomba utuvumilie kidogo kwa wengine watatu, kwa sababu wao ndio wanaotuleta kwenye ombi letu. Octavia Butler alizaliwa mwaka 1947 mjini Pasadena, California, akalelewa na mama aliyefanya usafi katika nyumba za watu. Alikuwa mtoto mwenye haya nyingi, na mahali alipopata kusoma na kujifunza uandishi ni maktaba ya umma ya mji wake. Mwaka 1995 alikuwa mwandishi wa kwanza wa bunilizi za kisayansi kupewa ufadhili mashuhuri wa MacArthur, unaotolewa Marekani kwa watu wenye vipaji vya ubunifu. Verity Lambert alikuwa na umri wa miaka 27 alipokabidhiwa utayarishaji wa Doctor Who huko BBC, Uingereza, mwaka 1963, mfululizo wa televisheni kuhusu msafiri wa angani na wa nyakati, ambao zaidi ya miaka 60 baadaye bado una wapenzi wake. Muziki wa kufungulia mfululizo huo uliandikwa na Ron Grainer, lakini aliyeugeuza kuwa sauti ile ya ajabu ni Delia Derbyshire, aliyerekodi sauti moja moja kwenye utepe, akazikata kwa wembe na kuziunganisha kipande kwa kipande. Jina lake halikuonyeshwa kwenye skrini kwa miaka mingi, na hilo linatuuma. Hata hivyo alikuwa na kitu kimoja ambacho sisi hatuna. Alikuwa na chumba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chumba chetu unakiona kutoka hapo ulipoketi, upande wa kulia wa bendera. Kilianza kujengwa mwaka 2021 kwa matofali yaliyochangwa na wazazi, kiwe ukumbi mdogo wa kuonyeshea filamu na kurekodia sauti, na katika miezi saba kuta zikafika kwenye lenta. Mwaka 2022 mgeni wa heshima aliyesimama mahali kama hapa aliahidi kenchi na mabati yote. Tulipiga vigelegele, tukapiga naye picha mbele ya ukuta, na picha hiyo tunayo. Mwaka uliofuata mgeni mwingine alisikitika kukuta hakuna bati hata moja, akaahidi kulifuatilia jambo hilo mwenyewe na kuongeza projekta. Tukaandika barua nne, na mara zote tukajibiwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Wa tatu alituomba makadirio mapya, tukamlipa fundi kutoka kwenye akiba yetu ili ayaandae, tukayapeleka kabla ya muda tuliopewa, na tangu hapo hatujaitwa. Masika matatu yamepita juu ya kuta hizo. Mistari miwili ya juu ya matofali imeanza kumomonyoka, na katikati ya sakafu umeota mpapai ambao mwaka huu umezaa. Hatusemi haya kumvunjia mtu heshima. Tunayasema kwa sababu wanachama tisa waliobeba matofali ya kwanza wamemaliza shule bila kuona chumba hicho kikifunikwa.

Kwa sasa tunaazima darasa la kidato cha pili baada ya saa kumi jioni. Jua la Tanga wakati huo bado ni kali, hivyo tunaziba madirisha kwa khanga tunazoletewa na mama zetu, na mwanga unapenya hata hivyo. Filamu tunaitazama kwenye kompyuta mpakato ya mwalimu mlezi, kwa zamu, makundi manne, kundi la mwisho likimaliza giza limeshaingia na wanaotoka mbali wameshaondoka. Kurekodi ni kugumu zaidi. Igizo la silikanti tulilirekodi kwa simu mara 14, kwa sababu kila tukifika pale binti anaponyamaza kumsikiliza samaki, mvua hugonga bati au bodaboda hupita. Mwishowe tulirekodi ndani ya stoo ya magodoro, wasichana sita na blanketi juu ya vichwa vyao, na mmoja wao alizidiwa na joto akaanguka.

Makadirio ya fundi ni shilingi 9,400,000 kwa mbao za kenchi, mabati 72 ya geji 28, dari, milango, mapazia mazito, kutandaza nyaya za umeme na projekta moja. Klabu na wazazi tumeshakusanya shilingi 1,150,000, mchanga upo, na mafundi wawili ambao ni wazazi wa wanachama wamejitolea kupaua bila malipo iwapo vifaa vitafika kabla ya vuli. Tulikuwa na maombi mengine ya vitabu na sare, lakini kamati imeamua kuyaweka kando ili hili lisipotee katikati yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa unyenyekevu mkubwa hatukuombi ahadi. Tunakuomba tarehe. Iwapo uwezo utatosha nusu ya mabati, tunaomba nusu hiyo na siku itakayoletwa. Iwapo hautatosha, tunaomba utuambie leo tukiwa tunakusikia, nasi tutakushukuru vilevile na kuanza kutafuta kwingine kesho asubuhi. Klabu imefungua daftari lenye safu tatu, ya kitu, ya siku na ya sahihi, nalo liko mezani mbele yako pamoja na kalamu. Ukurasa wa kwanza haujaandikwa kitu.

Tunakutakia afya njema na safari salama ya kurudi nyumbani.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa klabu.