Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: ZATU iitwe tangu rasimu ya kwanza

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huku Wete, mwanachama wa ZATU, Chama cha Walimu Zanzibar. Nina ombi moja: mabadiliko ya elimu yanapoanza kuandikwa, chama chetu kiwepo mezani. Kisingoje kualikwa siku ya uzinduzi.

Sera ya Elimu ya 2006 ilipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, ikataka Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Nia ilikuwa njema. Lakini wengi waliokabidhiwa kazi hiyo walisoma masomo hayo kwa Kiswahili walipokuwa msingi. Nimeona somo linavyokwenda: mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anageuka anaeleza kwa Kiswahili, watoto wananakili wasichokifahamu. Mtihani ukija, yale waliyoyaelewa hawana namna ya kuyaandika. Mambo haya anayajua anayeshika chaki.

Sasa mtaala unataka umahiri, watoto watende, wajadiliane kwa vikundi. Naunga mkono kabisa. Ila penye mikondo miwili, wa asubuhi hawajatoka na wa jioni washajaa uwanjani, kikundi kitakaa wapi? Skuli za ghorofa zimepunguza dhiki hiyo, na nashukuru kwa dhati, lakini hazijafika kote.

Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNESCO la 1966 kuhusu hadhi ya walimu, tunaloliadhimisha kila tarehe 5 Oktoba, linataka vyama vya walimu vishirikishwe katika kupanga sera ya elimu. Wapo wanaosema chama kazi yake ni kudai mishahara tu. Maslahi tutayadai, ni haki yetu. Viongozi wetu nao waingie vikaoni na hoja za usomeshaji zilizokusanywa skuli kwa skuli. Hapo bado tuna kazi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, rasimu yoyote ijayo ipewe ZATU kwa muhula mzima kabla ya kupitishwa. Iteremshwe kwenye vituo vya walimu, Wingwi, Michakaeni, Mizingani na vya Unguja, tuisome na tuijadili. Kisha Wizara itujibu kwa maandishi lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa sababu gani.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa skuli ya msingi,
Wete, Pemba