Shukrani kwa aliyezijaribu kanuni zangu za vita vya mezani

Kuna bwana mmoja hapa Nottingham, mwenyewe hataki nimtaje jina, lakini alichonifanyia lazima mkijue.

Kanuni nilizobuni, za mchezo wa vita wenye majini na mazimwi ya pwani, unaochezwa mezani kwa dadu na vijisanamu vya milimita 28, zilikuwa zimekwama: aliyeanza kucheza ndiye aliyeshinda, karibu kila mara. Rafiki zangu walishazizoea mno, hawakuona kasoro iko wapi.

Yeye alikataa kuniuliza chochote. Alicheza kwa yaliyoandikwa tu, na kila alipotatizika alitia alama ya penseli pembeni mwa ukurasa. Kisha tukabadilishana majeshi, tukarudia pambano lilelile. Hapo akanionyesha: majini yalihitaji 5 au zaidi kwa dadu mbili ili kumfikia adui, jambo linalotokea mara 30 katika 36. Wapiga mishale walikuwa wanakufa kabla ya kuvuta upinde! Akapendekeza kila upande usogeze kikosi kimoja kwa zamu, si jeshi zima. Mchezo ukafufuka.

Asante sana, kaka. Nanyi wengine, mkipata jioni moja, kaeni na kanuni za mwenzenu, penseli mkononi.