Simu ya bei nafuu, bando la bei ghali

Ndugu Mhariri,

Mimi ndiye fundi wa ukoo wetu. Sikusomea. Niliwahi kumrekebishia shangazi saa ya simu yake, basi tangu siku hiyo sijapumzika. Yeyote anayetaka kununua simu ya bei nafuu hunipigia, na karibu wote huanza na swali moja: ina kamera ngapi? Sijawahi kuulizwa itabaki na nafasi kiasi gani ikishawashwa, wala itaacha lini kupokea masasisho, yaani marekebisho ya programu anayotuma mtengenezaji. Naomba nafasi gazetini nieleze kwa nini maswali hayo mawili ndiyo yanayogusa mfuko.

Mama mdogo alinunua simu mpya kabisa, boksi limeandikwa GB 16. Wiki ya tatu ikaanza kumwambia imejaa, na picha alizopiga hazifiki mia. Mfumo endeshi pamoja na zile programu zinazokuja na simu, zisizofutika, ulikuwa umeshakalia zaidi ya nusu kabla yeye hajaigusa. Kilichobaki kikamezwa na WhatsApp, kwa video za kutakiana asubuhi njema kutoka makundi manne. Muuzaji hakusema uongo, GB 16 zimo. Ila si zake zote.

Hapo ndipo bando linapoingia. Akitaka kutumia programu ya benki, anafuta ya ramani. Kesho anaihitaji ramani, anaipakua upya. Video ya mjukuu ameifuta ili apate nafasi, sasa anaomba atumiwe tena. Kila anachofuta anakilipia mara ya pili kwa MB. Alichookoa dukani kilirudi kwa kampuni ya simu kidogo kidogo, na yeye akawa analalamika kwamba bando siku hizi zinaisha haraka.

Na kweli zinaisha, ila si zote zinaibwa, kama wengi tunavyopenda kuamini. Saa moja ya filamu kwa ubora wa HD yaweza kula hadi GB 3. Ukishusha ubora hadi wa kawaida, inashuka kufikia GB 1 au chini yake. Kwenye skrini ndogo ya simu rahisi hutaona tofauti kubwa. Ongeza video zinazojicheza zenyewe na programu zinazojisasisha usiku umelala. Kuyazima yote hayo kwenye mipangilio ni kazi ya dakika kumi. Malalamiko yangu kwa kampuni ni mengine: bando la siku huonekana rahisi mpaka ulizidishe kwa thelathini, na MB zilizobaki muda ukiisha zinapotea ingawa ulizilipia.

Nirudi kwenye boksi. Siku hizi utaona RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo simu hufanyia kazi, GB 8 kwa maandishi makubwa, na pembeni, kwa herufi za sisimizi, 4+4. Zile nne za pili si RAM. Ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa, na hifadhi ina kasi ndogo kuliko RAM. Yaani unapunguziwa pa kuwekea picha zako, halafu unaambiwa umeongezewa.

Kuhusu masasisho, Umoja wa Ulaya ulianza tarehe 20 Juni 2025 kutumia kanuni zinazogusa jambo hili, zikitaja miaka 5 ya masasisho tangu modeli iache kuuzwa, na lebo inayoonyesha uimara wa betri na uwezo wa simu kuhimili kuanguka. Kwingineko kwingi, mnunuzi wa simu ya bei ya chini anabahatisha. Simu ikishaachwa nyuma, programu za benki huwa miongoni mwa za kwanza kuikataa, hata kama kioo hakina mkwaruzo.

Tume ya Brodibendi ya Umoja wa Mataifa ilijiwekea lengo kwamba gharama ya intaneti ya msingi isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi ifikapo 2025. Lengo zuri, lakini linapima bando tu. Simu haimo.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wenu wa teknolojia unapotathmini simu, punguzeni aya za kamera, mtuandikie nafasi inayobaki siku ya kwanza na mwezi ambao masasisho ya usalama yatakoma.

Mama mdogo amenunua nyingine juzi. Alitaka iwashwe palepale dukani, akaingia kwenye mipangilio, akasoma nafasi iliyobaki kwa sauti. Muuzaji hakufurahi. Akaomba iliyo pembeni yake, akaisoma nayo.

Wako,
Fundi wa ukoo