Shemeji, usimwambie avumilie

Shemeji,

Juzi kwenye simu ulirudia neno lilelile mara tatu: dada yangu ni jasiri, kemo, hizi dripu za kutibu saratani, imemshika lakini hasemi kitu. Ulilisema kama habari njema. Mimi usiku ule sikulala.

Mama naye hakusema kitu. Unamkumbuka, alikuwa mtu wa kupanda vilima vya Kadutu na mzigo wa mihogo mgongoni huku akisalimia kila mlango. Siku ya tisa baada ya dripu yake ya pili ya kemo, jioni, alijifunika vitenge viwili akasema ni baridi ya ziwa tu. Nikamgusa shingoni: anaungua. Nikawaza malaria, kama ambavyo mtu yeyote wa Bukavu angewaza, nikampa vidonge vilivyobaki kabatini, nikamwambia, "Vumilia mama, kutakucha." Saa kumi na moja alfajiri alikuwa haniiti tena kwa jina langu. Tulimshusha kwa pikipiki, mimi nimekaa nyuma nimemkumbatia asianguke. Daktari hakunigombeza. Aliuliza homa ilianza saa ngapi. Nikajibu saa mbili usiku. Akanyamaza, akaandika. Mama alipona homa ile, lakini ule unyamavu wa daktari ninao mpaka leo.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Kemo hupiga chembe zinazozaliana haraka. Saratani ni hivyo, lakini uboho unaotengeneza damu pia ni hivyo, na ngozi ya ndani ya mdomo, na tumbo, na mizizi ya nywele. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Siku hizo mwili hauna askari. Kipimajoto kikisoma 38, ni kuondoka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama yeye anakataa. Malaria itapimwa huko huko, pamoja na damu. Na usimpe parasetamoli kabla ya kumpima joto, maana itashusha homa na nyote mtalala mkidhani mambo ni sawa.

Kwa kuwa yeye anavuka mto Ruzizi kwenda kutibiwa Butaro, Rwanda, kisha anarudi kwako, uliza sasa, si siku ya homa: ni hospitali gani ya upande huu itampokea usiku? Karatasi yenye majina ya dawa zake na tarehe ya dripu ikae mlangoni, karibu na ufunguo.

Kuhusu kula, msilazimishane. Mama alichukia harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, yeye aliyewala maisha yake yote. Tukahamishia jiko la makaa kwa jirani, tukawa tunamletea viazi vilivyopoa, vidogo vidogo, mara sita kwa siku. Alilalamika kwamba kila kitu kina ladha ya chuma, mpaka shangazi akampa kijiko cha mti. Dawa ya kuzuia kutapika waliyompa hospitalini anywe kwa saa waliyoandika, hata kama hajisikii vibaya. Ukingoja aanze kutapika umechelewa. Vidonda vya mdomoni: kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha bikarbonati ya soda katika lita moja ya maji safi, asukutue mara nyingi, asimeze. Asipoweza kunywa maji kabisa, hilo nalo ni la hospitali. Na ukiona mkojo mwekundu baada ya ile dripu nyekundu, usipige kelele kama nilivyopiga mimi. Dawa hiyo, doksorubisini, hupaka mkojo rangi yake kwa siku moja au mbili.

Wageni watakuja wengi, unawajua ndugu zetu. Rudisheni mlangoni ile ndoo ya kunawa ya wakati wa Korona. Mwenye mafua asalimie kutoka nje. Watakaokuja na chupa za mizizi, pokea, shukuru, weka juu ya kabati. Nyingine hugombana na dawa, nyingine huchosha ini. Na wale wa chumba cha maombi waombe sana, lakini wafunge wao. Yeye ale.

Wakimwandikia mofini, usiogope jina lake, haina maana kwamba amefika mwisho. Ila hufunga choo, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha siku hiyohiyo.

Kila asubuhi usimuulize kama yuko salama, atasema yuko salama. Muulize jana alikunywa vikombe vingapi, alienda choo, vidole vinakufa ganzi, alilala saa ngapi. Andika kwenye daftari, na siku ya miadi mpe daktari daftari, maana dada yangu mbele ya daktari atatabasamu tu.

Kipimajoto cha mama bado ninacho, na kijiko cha mti. Jumamosi ninapanda kwenu navyo.